Tini, mawe na mashua za kushona: maneno ya Kigiriki ndani ya Kiingereza

Kamusi inasema "sycophant" ni mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, lakini nimesikia asili yake ni tini. Tunda limeingiaje hapo?

Tini zimo kweli. Sykon ni tini, na sehemu ya pili imetoka kwenye kitenzi phainein, kuonyesha. Ila sykophantes wa Athens ya kale hakuwa chawa. Mji ule haukuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Raia yeyote aliweza kumshtaki mwenzake, na wapo walioigeuza kazi: kuchongea watu, au kutishia kushtaki mpaka wapozwe kwa fedha. Ndiyo maana katika kesi za umma mshtaki aliyekosa hata sehemu 1 kati ya 5 ya kura alitozwa faini ya drakma 1,000. Kiingereza kililipokea neno katika karne ya 16 likiwa na maana hiyo ya mchongezi, kisha likateleza, maana anayewachongea wenzake kwa mkubwa hakosi kumsifia mkubwa. Kigiriki cha leo hakikuteleza nalo: bado ni msingiziaji. Hadithi kwamba watu hao walifichua magendo ya tini ni ya zamani, Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anayo, lakini inanukia kama imetungwa baadaye ili kulieleza neno.

Kwa nini "helicopter" haikatwi heli-copter?

Kwa sababu viungo vyake ni heliko-, msokoto, na pteron, bawa. Kata helico-pter. P hiyo ndiyo ileile isiyosikika mwanzoni mwa "pterodactyl", mtambaazi wa kale aliyeruka kwa bawa lililoshikwa na kidole. Wenye Kiingereza walikata pasipo na kiungo wakapata "heliport", kiwanja cha helikopta. Msiwacheke: sisi tulipokea kitab ya Waarabu, mzizi wake k-t-b, tukaiona "ki-" ya ngeli, tukasema vitabu.

"Petrichor" linatamkwaje, na ni harufu gani hasa?

Petrikoo. "Ch" iliyotoka Kigiriki kwa kawaida husomwa k, kama kwenye "echo" na "chaos". Ni harufu ya ardhi iliyokauka ikipigwa na mvua, kwa hiyo usilitumie kwa mvua ya siku ya nne mfululizo. Waliliunda Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia, mwaka 1964, baada ya kuyatoa kwa mvuke mafuta yenye harufu hiyo kutoka kwenye mawe makavu. Petra ni jiwe. Ichor ni majimaji yaliyopita kwenye mishipa ya miungu badala ya damu.

Wingi wa "octopus"?

"Octopuses". "Octopi" ni kumvalisha pweza wa Kigiriki kanzu ya Kilatini. "Octopodes" ni sahihi, ila utatazamwa.

Je, "rhapsody" lina undugu na Rhapta, mji wa kale wa pwani yetu?

Linao. Kitenzi ni rhaptein, kushona. "Rhapsody" ni wimbo ulioshonwa. Rhapta inatajwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1, na mwandishi wake anasema jina limetokana na mashua za kushona za huko: mbao zinaunganishwa kwa kamba, bila misumari, kama mtepe wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi. "Periplus" lenyewe ni peri, kuzunguka, na plous, safari ya majini. Mnapoandika, msiidondoshe h ya "rhapsody": r ya Kigiriki mwanzoni mwa neno huja nayo, kama kwenye "rhythm" na "rheumatism".