Barua kwa Mwanangu: Mabakuli ya Mawe

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unauliza: watu wa kale ambao hawakuandika hata herufi moja, utajuaje waliamini nini? Na ukisomea akiolojia, ukatumia maisha yako kuwatafuta kwa kuchimba mabaki yao, hiyo ni kazi au ni kubahatisha? Nakujibu kwa barua kwa sababu jibu langu limechukua miaka.

Unakikumbuka kilima cha Hyrax Hill, hapa Nakuru, nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu, nawe ukinifuata umeshika sketi yangu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi ya wafugaji wa zamani sana. Wanawake walizikwa na mabakuli na sinia za mawe, wanaume hawakuwekewa. Niliwaambia watoto, mwaka baada ya mwaka, kwamba akina mama wale walipewa vyombo vyao vya jikoni wakapikie huko waendako. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Kisha nikasoma habari za pango la Mto Njoro, hapo tu jirani, lililochimbwa mwaka 1938. Watu karibu 80, wa miaka kama 3,000 iliyopita. Miili yao ilichomwa moto, na humo mlikuwa na shanga nyingi, mabakuli ya mawe, michi na mawe ya kusagia. Lakini huko vyombo hivyo viliwekwa kwa wanaume na wanawake vilevile. Maelezo yangu yakaanguka. Nilikuwa nimechukua jiko langu nikalitia katika kaburi la mtu mwingine. Darasa lililofuata nilisahihisha, lakini wale waliotangulia walishaondoka na neno langu, na jambo hilo huniuma hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, utakachokishika mkononi ni tendo. Huyu alilazwa hivi, aliwekewa hiki, moto uliwashwa hapa. Kutoka kwenye tendo hadi imani kuna safari, na mchimbaji mwaminifu huwaambia watu ameishia wapi.

Mfikirie bibi yako, tuliyemzika kule Bungoma. Alizikwa na rozari mkononi. Atakayelifungua kaburi lile baada ya miaka elfu atasema huyu alikuwa Mkatoliki, na atakuwa kweli. Lakini kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, bibi alimwaga tone chini akamtaja mama yake kwa sauti ndogo. Tone hilo litaonekana wapi? Na nyimbo za mkesha? Ukikaa mbele ya mifupa, kumbuka tone la bibi yako, usije ukadhani umeyaona yote.

Hata hivyo kuna mengi yanayobaki. Kule kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti walipata kaburi la mtoto wa karibu miaka mitatu, wa miaka 78,000 iliyopita, wakamwita Mtoto. Namna kichwa kilivyoinama ilionyesha kwamba kilikuwa kimelazwa juu ya kitu laini kilichooza. Mtu alimtafutia mtoto yule mto wa kulalia. Walimwamini nani, sijui, lakini mimi niliyewahi kulaza watoto niliposoma hayo nilifunga kitabu nikalia. Karibu na Ziwa Turkana kuna Lothagam, ambako watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, walizikwa pamoja, na karibu kila mmoja ana mapambo yake. Wafugaji wasio na mfalme walijenga mahali patakatifu pakubwa namna hiyo!

Usidharau kemia. Vigae vya vyungu hufyonza mafuta, na maabara hutambua kama ni ya maziwa au ya nyama. Jifunze pia lugha za wazee wetu. Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, aliandika historia ya Waluo mwaka 1967 akiegemea masimulizi yao, wakati wasomi wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia.

Kuhusu riziki, sitakudanganya. Nafasi katika majumba ya makumbusho na vyuo ni chache, na ruzuku za utafiti huja na kukatika. Wengine hukodiwa kukagua ardhi, kama ina mabaki ya kale, kabla ya barabara au mtambo mkubwa kujengwa. Kazi hiyo inalipa, usiione ndogo. Baba yako ana wasiwasi, ila tumekubaliana: karo ya mwaka wa kwanza itatoka kwenye akiba yetu ya sacco.

Njoo Agosti. Nataka twende Hyrax Hill asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya shule kufika, usimame mbele ya yale mabakuli uniambie unaona nini. Safari hii nitanyamaza.

Mama yako