Baa za koktaili Nairobi: nenda mapema, kaa kaunta, anza na kitu chenye ndimu

Jamaa zangu wa Dar wakija Nairobi kikazi swali lao ni lile lile, tunataka kutoka jioni lakini hatutaki kelele, bia tumeshazoea, tunataka zile koktaili zenu tunazoziona mtandaoni, twende wapi? Mimi jina la baa sitoi kwanza. Nawauliza mnatoka siku gani na saa ngapi. Maana baa moja ya Westlands Jumanne saa kumi na mbili jioni sio ile ya Ijumaa saa tano usiku. Jumanne batenda anapima, anaonja kidogo kwa mrija, anakuuliza unapenda kikali au chenye utamu, anamenya ganda la chungwa taratibu. Ijumaa mtu huyo huyo ana oda zimejaa mbele yake, dijei kaachia amapiano mpaka kaunta inatetemeka, watu wanapunga simu wahudumiwe, na wewe unaletewa chochote kilichotikiswa sekunde tatu kikamiminwa. Bei ni ile ile lakini.

Kwahiyo kama lengo ni kuonja, na sio kucheza, nenda katikati ya wiki, nenda mapema, na ukae kaunta. Sio kochi, sio meza ya dirishani hata kama mandhari ni nzuri. Najua wengi tumezoea kaunta ni ya mtu aliyekuja peke yake na mawazo yake, ila kwenye baa za koktaili kaunta ndio jikoni, na mpishi yuko mbele yako. Kuhusu muda, Kenya kuna sheria ya vileo ya 2010, watu wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, baa ya kawaida inaanza kuuza saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, hoteli na migahawa wana leseni zao tofauti kwahiyo usishangae ukikuta wengine wanauza mchana kweupe. Mimi napenda ile saa ya kwanza kabisa, ndimu ndio kwanza zinakamuliwa.

Ndimu hizo ndio kitu cha kwanza cha kuangalia. Juisi ya ndimu ikishakamuliwa haikai, baada ya saa kadhaa ule ukali wake mzuri unapotea inabaki na uchungu fulani wa ajabu, na ya chupa ile ya dukani ni balaa jingine. Ukiona ndimu nzima zimepangwa na kikamulio kiko karibu, kaa. Ukiona dumu la plastiki lenye kimiminika cha kijani kinachong'aa, agiza bia tu, bia haina makosa. Pili angalia barafu. Barafu ndogondogo iliyoanza kulowa inayeyuka haraka, kinywaji kinakuwa maji kabla hujamaliza stori moja, ndio maana baa zilizo siriazi zina mabonge makubwa mazito kwa vinywaji vikali na wanajaza glasi mpaka juu, kuna watu wanalalamika "amejaza barafu ili animalizie hela" wakati barafu nyingi inapoza haraka na inayeyuka pole pole kuliko vipande vitatu vinavyoogelea. Tatu, anapima au anakisia? Mkono wa kukisia unavutia kwenye video, ila glasi ya kwanza itakuwa nzuri na ya pili itakuwa kitu kingine. Halafu kama unajua unachotafuta, chungulia vermouth iko wapi. Ile ni mvinyo, ikishafunguliwa inatakiwa friji. Ikiwa rafuni juu na vumbi lake, Negroni ya hapo, koktaili inayotegemea hiyo vermouth, iache.

Sasa oda ya kwanza. Kwa Nairobi mimi naanza na dawa, na sio kwa sababu ya utalii. Dawa hii ya baa imepata jina kupitia Carnivore, ule mgahawa wa nyama choma wa Langata uliofunguliwa 1980, pale mhudumu anapita mezani na trei yake ya chupa na ndimu anakuchanganyia hapo hapo ukiwa umekaa. Ni ndugu wa caipirinha, koktaili ya Brazil, wao wanatumia cachaça, pombe kali ya miwa, na sukari, huku ni vodka, vipande vya ndimu, sukari kidogo, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali nzito. Kile kijiti sio pambo. Unagandamiza nacho ndimu chini ya glasi, unakoroga, asali inayeyuka kidogo kidogo, kwahiyo funda la kwanza ni kali na la mwisho ni tamu, na wewe ndio unaamua kasi. Hii inakuonyesha baa nzima kwa glasi moja maana haina pa kujificha. Asali ikiwa nyepesi kama maji ya sukari utajua. Ndimu ikiwa ya jana utajua. Vodka ikiwa ya mashaka koo litakwambia. Tahadhari moja tu, ukiagiza dawa kwenye mikahawa ya kahawa utaletewa kikombe cha moto cha tangawizi, limau na asali, kizuri sana ukiwa na mafua lakini sio tulichokuja kutafuta.

Asiyependa vodka aagize daiquiri. Hapa lazima useme mapema "ya kawaida, sio ya blenda, sio ya stroberi", maana sehemu nyingi ukisema daiquiri wanasikia aiskrimu nyekundu yenye mrija mnene. Ya kawaida ni rum nyeupe kama mililita 60, juisi ya ndimu kama 25, siropu ya sukari karibu kiasi hicho au pungufu kidogo, inatikiswa na barafu kwa nguvu sekunde kumi na kitu, inachujwa kwenye glasi iliyopoa. Basi. Vitu vitatu. Anayeweza kuuweka ukali na utamu sawa kwenye hiyo, mwamini na menyu yake nyingine yote, hata ile yenye moshi na maua. Anayeshindwa hapo hata aweke dhahabu juu hamna kitu.

Na menyu yenyewe, jamani, urefu wake unaongea. Karatasi moja yenye vinywaji kumi na mbili, kila kimoja kimeandikwa kina nini, hiyo ni baa iliyokaa chini ikafikiria. Kitabu cha kurasa nane chenye kila koktaili iliyowahi kutajwa duniani, nusu ya vitu hawana na nusu ya wahudumu hawajui kuvitengeneza. Swali langu kwa batenda ni moja, "kaka, wewe ukitoka kazini leo unajitengenezea ipi?" au "dada, ipi hapa umeitunga wewe?" Uso unabadilika hapo hapo. Usiulize "ipi tamu" maana utapewa yenye sukari nyingi kuliko zote, ndio wanayouza zaidi.

Kitu kinachonifurahisha Nairobi ya sasa ni kwamba vitu vya kwetu vimeingia kwenye glasi na havijaingia kama mapambo. Ukwaju, pesheni, mchaichai, iliki, tangawizi mbichi, asali za kila aina. Ukwaju hasa naupenda na wiski, ule uchachu wake ni mzito tofauti na wa ndimu, unakaa ulimini. Ila uliza kama wameloweka ukwaju wenyewe au ni siropu ya chupa, jibu liko kwenye macho kabla ya mdomo. Halafu kuna Procera, jin inayotengenezwa Nairobi. Jin nyingi duniani zinatumia matunda ya mreteni (juniper) wa Ulaya yaliyokaushwa, hawa wanatumia ya mtarakwa, ule mti wa nyanda za juu ambao bibi na babu zetu wameujua kwa nguzo na mbao, na wanayatumia yakiwa mabichi. Ladha yake ina kitu cha njugu na udongo baada ya mvua. Bei yake sio ya mchezo, kwahiyo usiiagize halafu ukaizamisha na toniki ya sukari, omba martini, yaani jin na vermouth kidogo, au toniki kavu, uisikie.

Na wale wa nyumbani mtaniuliza Konyagi vipi. Konyagi na Stoney Tangawizi na ndimu nyingi ni koktaili halali kabisa mbele yangu na nitabishana na mtu yeyote. Ila jua Konyagi ni asilimia 35, mapishi mengi ya koktaili yameandikwa kwa pombe ya 40, ukibadilisha hivi hivi kinywaji kinakuwa chepesi, punguza juisi na sukari kidogo.

Sehemu za kuanzia? Kwa anayetaka utulivu na vya kale, Exchange Bar ndani ya Sarova Stanley, kona ya Kimathi na Kenyatta Avenue katikati ya mji, jina limetokana na soko la hisa la Nairobi lililoanza 1954 na likawa linaendeshwa hapo hapo hotelini. Ngozi, mbao, watu wa suti, pale unaagiza Old Fashioned, koktaili ya wiski, na unaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Kwa anayetaka vituko, Hero, iko Trademark Hotel pale Village Market, Gigiri, wamejenga kila kitu kwenye mambo ya katuni za mashujaa, mimi nilidhani itakuwa ni picha za kupiga tu kumbe nyuma ya kaunta kuna watu wanaojua kazi, chakula chao ni cha Kijapani na Kiperu kwahiyo kula hapo hapo. Carnivore nimeshasema. Halafu mitaa ya Westlands na Kilimani tembea mwenyewe, baa mpya zinafunguliwa na nyingine zinafungwa moja kwa moja kila mara, kanuni za ndimu na barafu zitakutosha.

Kula kabla hujatoka. Koktaili inadanganya kwa sababu ni ndogo na ni tamu. Chukua Negroni, ni 30 ml za jin, 30 za Campari, ile pombe nyekundu chungu ya Italia, 30 za vermouth nyekundu, glasi ya mafunda machache. Piga hesabu ya pombe tupu iliyomo utapata kama mililita 24. Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina 21. Yani hicho kiglasi kimeipita chupa nzima ya bia na umekimaliza kabla karanga hazijafika. Long Island ni mbaya zaidi, pombe tano za 15 ml kila moja, hapo ni kama bia moja na nusu kwenye kitu chenye ladha ya soda. Kwahiyo mimi ni mbili kwa baa, maji katikati, na kama tunahama baa basi moja moja. Sio uchamungu, ni kwamba baada ya ya tatu ulimi unakufa ganzi na unalipia elfu ya Kenya na zaidi kwa kitu usichokisikia. Gari acha nyumbani, ita Uber au Bolt, polisi wa alcoblow, kile kipimo cha pombe cha barabarani, hawajali kama ulikunywa kwa kuonja.

Ambaye hanywi pombe asibaki na soda yake kona. Mwambie batenda akutengenezee ya ukwaju au pesheni yenye ndimu na tangawizi bila pombe, anayejua kazi atafurahia kuliko kuchanganya vodka nyingine, na kwa kweli hapo ndio unamwona fundi maana hana kilevi cha kumsaidia.

Kinywaji kikija hakijakaa sawa, sema, lakini sema mapema, baada ya funda moja au mawili, sio glasi ikiwa nusu. "Kaka naomba uniongezee ndimu kidogo" inatosha, hakuna haja ya hotuba. Wengi watakirekebisha bila neno, wazuri watakimwaga na kuanza upya. Na ukiona bei iko chini sana kuliko majirani wote, koktaili kwa bei ya bia, jiulize chupa imetoka wapi. Nchi hii imezika watu wengi kwa pombe yenye methanoli na siropu inaficha harufu yoyote ile. Omba uione chupa, angalia stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hakuna aibu hapo, na wakikasirika umepata jibu.

Bili ikija isome kwanza, kodi kwa kawaida zimeshaingia kwenye bei ya menyu lakini wengine wanaongeza ada ya huduma juu, kama ipo hulazimiki kutoa mara mbili. Kama haipo, lipa bili kwenye till ya M-Pesa, ile namba ya malipo ya baa, kama kawaida halafu tipu mpe batenda mwenyewe mkononi au kwenye namba yake, maana ya kwenye till wakati mwingine inapotelea huko huko ofisini. Na muulize jina na zamu zake za wiki. Mabatenda wazuri Nairobi wanahama baa mara kwa mara, akihama mfuate.