Kabla hujauliza bei ya trekta, omba uonyeshwe spea

Mjomba alinipigia simu mwezi wa tatu, masika yakiwa na siku nne tu. "Mama, trekta limegoma kunyanyua jembe," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Alikuwa Mvomero, ana ekari 20 za watu waliokwisha kumlipa awalimie, na trekta lenyewe lilikuwa na mwezi mmoja tu tangu litoke Dar es Salaam. Pampu ya hidroliki ilikuwa imekufa.

Nilifunga fremu yangu ya spea hapa Gerezani, Dar es Salaam, nikaenda mwenyewe kwa wakala aliyemuuzia. Ofisi ipo, kiyoyozi kinapuliza, matrekta manne mapya yamepangwa mbele yanang'aa. Pampu haikuwepo. Wakasema iagizwe kiwandani, wiki sita hadi nane. Tukampa fundi mchongaji ile mbovu ajaribu kuiokoa, akaitengeneza kwa uwezo wake wote, ikadumu siku tisa. Mjomba alirudisha fedha za watu na akauza ng'ombe watatu ili rejesho la benki lisilale.

Wakala yule simtaji, kwa sababu hali hiyo nimeikuta kwa wengi. Mimi ni kizazi cha tatu kwenye kaunta za spea za jiji hili: babu alikuwa karani wa spea, baba akauza spea, nami nauza. Nikiweka maduka ya zama hizo tatu pamoja, naona jambo moja limegeuka kabisa. Zamani trekta moja lilikaa dirishani, na nyuma yake ukuta mzima ulikuwa vijisanduku vya spea hadi darini. Leo matrekta yamejaa uwanja mzima, na spea ni rafu moja ya filta nyuma ya mlango wa mhasibu.

Babu aliajiriwa mwaka 1962 kwenye duka la familia ya Kihindi, Barabara ya Pugu, hii tunayoiita Nyerere leo. Mashine zilikuwa za Kiingereza zaidi: Massey Ferguson nyekundu, Ford za buluu, na Fordson za zamani. MF 135 ilipokuja katikati ya miaka ya 60, na injini yake ya Perkins ya pistoni tatu, yenye nguvu ya farasi kama 45 hivi, babu alisema ndiyo mashine ya kwanza aliyoona madereva wakiililia. Wateja wake walikuwa mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga, vyama vya ushirika, na wakulima wakubwa wa mahindi wa Ismani. Mtu alishuka stesheni ya reli na gia imefungwa kwenye gunia, akatembea hadi dukani. Babu aliipokea kwa mikono miwili, akapapasa meno yake kwa kidole gumba, kisha akafungua daftari la namba.

Kila spea ilikuwa na kadi yake. Ikitoka, kadi inaandikwa. Ikibaki mbili, oda inakwenda Uingereza, maana meli ilichukua muda na mvua haikungoja meli. Na trekta likiuzwa, fundi wa duka alisindikizana nalo hadi shambani, akalala huko siku mbili akimfundisha dereva. Saa 50 za kwanza zikitimia, fundi yule yule alirudi kumwaga oili, kukaza bolti na kubadilisha filta. Tajiri wa babu hakufanya hayo kwa huruma. Alijua kwamba mkulima hununua trekta mara moja kwa miaka mingi, lakini spea hununua kila msimu, kwa hiyo trekta linalozunguka shambani ndilo lililomlisha.

Lazima niseme na upande wa pili. Huduma ile haikuwa ya kila mtu. Mkulima wa ekari tatu hakuwa na la kufanya kwenye mlango ule. Yeye alikwenda Kariakoo kununua jembe la mkono, na baadaye majembe ya Ubungo Farm Implements. Leo mkulima wa kawaida anaingia popote, anakaa kwenye kiti, anaulizwa ana kiasi gani cha kuanzia. Hilo ni jema na sitaki lirudi nyuma.

Wakati wa baba mambo yalikaza. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 uagizaji ulihamia kwenye mashirika ya umma, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, yaani wateja wakubwa wa babu wakatoweka kwa mkupuo mmoja. Ikafuata vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka. Baba alikuwa kijana kwenye kaunta yenye vijisanduku vitupu. Anasimulia jinsi mashamba yalivyochinja matrekta: matatu mabovu yanafunguliwa, linatoka moja zima. Kule Kibaha zikaunganishwa Valmet za Finland miaka ya 80, lakini kiwanda kile nacho kilitegemea vipande vya nje, na fedha ya kuviagizia ilikuwa ile ile isiyopatikana.

Shida ile ndiyo iliyomfanya baba kuwa bingwa, na hapa nakuomba usome polepole maana kitu hiki kinaweza kukuokolea msimu. Alijifunza kutenganisha spea ya kampuni na spea ya dunia nzima. Beringi, kwa mfano, haina kabila. Iliyoandikwa 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, unene 15, iwe imetoka kwenye trekta la Italia au kwenye mota ya mashine ya kusaga. Oili sili, yaani zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, nazo huandikwa vipimo vyake, na mikanda hali kadhalika. Lakini pampu ya hidroliki, sahani ya klachi, gia za sanduku na kifuniko cha silinda ni vya kampuni, na hivyo ndivyo vinavyolaza trekta chini ya mti. Wakala akikwambia "spea zote zipo", muulize hizo nne kwa majina. Usikubali kuonyeshwa orodha kwenye kompyuta. Mwombe aziweke juu ya kaunta uzishike.

Kuanzia mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, Kariakoo na Gerezani zikajaa maboksi ya India na Pakistan. Wakulima walipumua. Massey zikawa zinatengenezwa Lahore na Chennai, na spea zake zikashuka bei hadi mtu mwenye MF 135 ya mwaka 1970 akaweza kuifufua. Mpaka leo nauza ringi za pistoni za mashine zilizonitangulia kuzaliwa. Pamoja na maboksi hayo likaja neno "feki", ambalo babu hakuwahi kulitumia kazini. Filta yenye karatasi nyepesi haikuonyeshi ubovu wake siku ya kwanza. Inaruhusu vumbi lipite kidogo kidogo, na baada ya miezi silinda zimelika. Filta ya hewa na ya dizeli usibanie kamwe. Kwa bolti, vioo na viti, nunua utakacho.

Zama zangu zilianza na Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kukuza kilimo, mwaka 2009. Halmashauri zilinunua pawatila, vile vitrekta vya magurudumu mawili vya kuongoza kwa mikono, kwa wingi. Pawatila ni mashine nzuri kwenye mpunga, udongo ukiwa na maji, lakini zilipelekwa hata kwenye ardhi kavu ngumu, zikashindwa, zikaegeshwa. Nilizoea kuwapokea vijana wakiuliza visu vyake, kisha wakaacha kuja. Wakati huo huo yakaja matrekta ya India ya kila rangi, kwa mikopo, na majina ambayo hata baba hakuyajua. Kila jina lina daftari lake la spea, na mwenye fremu kama mimi hawezi kuweka akiba ya kila moja. Tunaweka ya yale yaliyo mengi. Kwa hiyo ukitaka trekta, kabla ya kwenda kwa wakala zunguka Gerezani na mtaa wa Msimbazi, ingia fremu tano, uulize sahani ya klachi ya jina unalolitaka. Ukiipata kwenye tatu, hilo trekta lina ndugu mjini. Ukiambiwa kote "labda kwa wakala mwenyewe", ujue siku wakala akifunga mlango umebaki peke yako.

Na mawakala hufunga. Viwanda pia. Ursus ya Poland, iliyoanzia Warsaw mwaka 1893, matrekta yake yaliunganishwa Kibaha miaka ya 2010, na mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangazwa kufilisika kwao. Umri mkubwa wa jina haukutoshi wewe uliye shambani. Kinachokutosha ni wingi wa mashine hiyo hapa nchini, na mafundi wa mkoani kwako waliokwisha kuifungua.

Kuna vile vitrekta vilivyotumika vya Japani, vinavyouzwa bei ya kuvutia. Nimeviuzia filta na navipenda, havichoki. Ila vingi vilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Namba ya modeli haimo kwenye katalogi za nje, maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani, na unapoleta kipande naanza kupima kwa kalipa kama baba alivyofanya mwaka 1982. Kama una fundi mvumilivu na shamba dogo la mboga Mlandizi au Ruvu, nunua. Kama unalimia watu kwa msimu, acha.

Maonyesho ya Nane Nane na Saba Saba nenda, panda kwenye kiti, sikia injini, chukua vipeperushi. Fedha usitoe pale. Punguzo la siku ile ukiliulizia ofisini wiki inayofuata, mara nyingi hulikosi. Mimi hupenda mteja anunue mwezi wa nane au wa tisa, jua likiwa kali na hakuna anayekimbizana. Hapo fundi wa wakala ana nafasi ya kukufuata, saa 50 za kwanza unazimaliza kwa kuvuta trela, na kasoro ya kiwandani inajitokeza kabla ya mvua. Mjomba alinunua mwezi wa pili. Ile pampu ingekufa mwezi wa kumi tungeisubiri bila kilio.

Kuhusu garantii, iombe kwa Kiswahili na isome hapo hapo. Swali la kuuliza ni nani analipa nauli ya fundi na chakula chake akija Kilombero au Kiteto, na atafika baada ya siku ngapi. Kama hayo hayakuandikwa, yaandikeni kwa kalamu, mgongewe muhuri, na risiti ya EFD iwe na namba ya chasi. Omba pia simu za wateja watatu wenye mashine hiyo hiyo yenye misimu mitatu au zaidi. Wakala mwema hatakasirika. Mmoja wa ninaowaheshimu hapa mjini huwapigia yeye mwenyewe, anakukabidhi simu, anatoka nje.

Mjomba baadaye aliliuza lile trekta kwa hasara, akanunua Massey ya Pakistan iliyotumika, ya mwaka ambao naona haya kuutaja kwa mtu anayependa vitu vipya. Jembe lake la diski tatu linanyanyuka. Nilimfungia boksi la msimu ambalo sasa namfungia kila mteja wangu: filta mbili za kila aina, mkanda wa feni, oili sili za ekseli ya mbele, pini za jembe, na galoni ya oili ya hidroliki. Boksi hilo likikaa ghalani kwako, nusu ya simu za alfajiri hazipigwi.

Usafirishaji umekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Babu alituma kwa treni, baba kwa mabasi ya Mnazi Mmoja na Kisutu, mimi nilianza na Ubungo na tangu 2021 natuma kutoka Mbezi Louis. Mkulima akiwa Dakawa ananitumia picha kwa WhatsApp, analipa kwa simu, na jioni kifurushi anacho. Kinachotuchelewesha ni picha. Ukipiga kipande chenye grisi, mimi sioni kitu. Kifute kwa dizeli, kiweke juu ya gazeti kando ya rula ya mtoto, piga mbele na nyuma, kisha piga picha ya kibati cha namba ya chasi na cha injini. Kipande chenyewe usikitupe mpaka kipya kifungwe na trekta liwashwe.

Mvua zikianza mimi hufungua saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu mabasi ya asubuhi huondoka mapema, na bodaboda kutoka Gerezani hadi Mbezi anahitaji muda wake. Ukinitumia picha usiku, juu ya kifurushi nitaandika jina lako, kituo utakachopokelea na simu mbili, yako na ya mtu aliye karibu na barabara kuu.