Nikisaidia mtu nasikia raha, je hiyo ni riya?

SWALI: Assalam alaykum ustadh. Kila Ijumaa napika nazidisha kidogo, nampelekea bibi mmoja hapa mtaani hana mtu. Nikitoka kwake nasikia raha moyoni mpaka naogopa, isije ikawa naenda kwa ajili ya hiyo raha na sio kwa ajili ya Allah. Thawabu napata au niache tu?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Usiache, nakuomba sana. Riya ni kutaka watu wakuone wakusifu, na hapo upo wewe, bibi na hotpoti lako. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayefanya kheri halafu watu wakamsifu, akasema hiyo ni bishara ya muumini iliyotangulizwa, hadithi ya Abu Dharr hiyo, kaipokea Muslim. Sasa kama sifa ambazo mtu hakuziomba hazijamharibia, itakuwaje raha ya moyoni ambayo hakuna hata aliyeiona?

Hata wataalamu wa saikolojia wameliona. Mwaka 2008 watafiti wa Canada waliwagawia watu hela, wengine dola 5 wengine 20, kundi moja wakaambiwa mjinunulie chenu, kundi lingine mkamnunulie mtu zawadi au mtoe sadaka, jioni kuwauliza, waliotoa ndo wana furaha zaidi, na aliyepewa 5 na aliyepewa 20 hawakutofautiana. Mi naona ndivyo Allah alivyotuumba, na hawezi kutuumba hivyo halafu atuhesabie kosa kwa kufurahi.

Ila hofu yako usiitupe yote, maana kuna siku hiyo raha haitakuja. Bibi kaamka na maumivu yake, anafunua hotpoti, anaonja, anasema wali chumvi imezidi, asante hasemi, unarudi nyumbani umenyong'onyea. Siku hiyo soma Suratul Insan aya ya 9, wale wanaolisha wanasema tunakulisheni kwa ajili ya Allah tu, hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Na ulimi uuzuie kabisa, usije ukamwambia "mbona wiki zote nakuletea", hayo ndo masimbulizi, na Suratul Baqara aya ya 264 inasema yanabatilisha sadaka.

Ijumaa inayofuata pika tena, chumvi punguza, mpelekee.

Wallahu a'lam.