Somo la falsafa kwenye uzamivu wa uuguzi: lifutwe?

Swali: Tunaandaa mtaala wa shahada ya uzamivu ya uuguzi. Wenzangu wengi wanataka somo la falsafa lifutwe na saa zake zipewe takwimu. Wanafunzi nao wanalalamika kwamba wanakaririshwa majina ya Wagiriki tu. Unatushauri nini?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kulalamika, ila dawa yake si kulifuta somo. Wapunguzeni Wagiriki, mbakize maswali.

Chukua mwanafunzi anayetaka kuchunguza maumivu ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Ameandika kwamba utafiti wake ni wa fenomenolojia, yaani wa kuchunguza jinsi mtu mwenyewe anavyolipitia jambo, kisha akapanga dodoso la alama 0 hadi 10 na fomula ya kukokotoa sampuli. Alama hizo zitamwonyesha ni nani aliyeumia zaidi na dawa ipi ilisaidia. Hazitamweleza mama anapitia nini akiwa na kidonda kibichi huku mtoto analilia ziwa. Kosa hilo takwimu haziliponyi, maana limeingia kabla ya data yoyote kukusanywa.

Hata ndani ya fenomenolojia kuna njia panda. Anayemfuata Husserl, mwanafalsafa aliyeianzisha, hujitahidi kuweka kando anayoyajua, aeleze jambo kama lilivyomfikia mgonjwa. Anayemfuata Heidegger, mwanafalsafa aliyekuja baada yake, huona hilo haliwezekani: muuguzi mzoefu hauachi uzoefu wake mlangoni mwa wodi, kwa hiyo auandike waziwazi na autumie katika kufasiri. Pendekezo la utafiti linalowataja wote wawili katika aya moja bila kuchagua ndilo linalompa mtahini kazi rahisi.

Mimi ningeanza na makala ya msomi wa uuguzi Barbara Carper ya mwaka 1978. Alitaja njia nne za kujua katika uuguzi: sayansi, sanaa ya uuguzi, kujitambua na maadili. Wapeni kisa cha wodini, tuseme mgonjwa anayekataa kuongezewa damu, waeleze kila njia inaona nini na haioni nini. Kisha kila mmoja alete pendekezo lake ajibu: hapa ushahidi ni kitu gani, na kwa nini? Wanatakwimu wasikwepe, thamani ndogo ya p (namba inayoonyesha kama matokeo yangeweza kutokea kirahisi kwa bahati tu) haithibitishi kwamba nadharia ni ya kweli, na wanafunzi wengi hudhani inathibitisha.

Somo liwe muhula wa kwanza, kabla ya mbinu za utafiti, na wasimamizi wahudhurie kipindi cha mapendekezo. Saa zikipungua, kateni historia ya falsafa, kipindi hicho msikiguse.