Anga Jeupe Lisikutishe

Kama unapenda kupiga mandhari kwa nyeusi na nyeupe, kabla hujanunua lenzi nyingine zitazame picha alizopiga Carleton Watkins kule Yosemite, California, mwaka 1861. Tazama anga lake: jeupe pe, halina hata wingu.

Tatizo lilikuwa bamba, yaani kioo chenye dawa kilichoshika picha. Watkins alibeba vioo vya karibu sentimeta 45 kwa 55, akavipaka kolodioni (ute unaonata), akavichovya kwenye naitreti ya fedha, akapiga na kusafisha ndani ya hema la giza kabla havijakauka. Dawa hiyo iliona buluu vizuri, kijani kwa shida, nyekundu haikuiona kabisa. Anga likaungua likawa jeupe, majani yakatoka meusi. Naye akaugeuza weupe ule kuwa umbo: ukingo wa jabali ndio unaolikata anga na kuibeba picha nzima. Nawe finya macho kabla ya kubonyeza, uone kama ukingo wako una mchoro au ni mstari mlegevu tu.

Utamu zaidi uko kwenye ukungu. Ukungu wa mbali una ubuluu, kwa hiyo bamba liliuzidisha. Mti wa karibu mweusi, kilima kinachofuata kijivu, mlima wa nyuma unakaribia kupotea. Jicho linaupima umbali kwa toni peke yake, yaani weusi na weupe wa kila sehemu. Mimi hufanya hivyo Irente, Lushoto, nikitazama bondeni: kwenye programu ya simu nachagua nyeusi na nyeupe, halafu filta ya buluu. Wengi hukimbilia nyekundu ili mawingu yatishe, lakini nyekundu inakata ukungu, na milima yote inasogea ikabanana mbele. Ila buluu usiitie kwenye picha za harusi. Kila chunusi itaonekana, na bibi harusi hatakusalimia tena.

Ukitaka mawingu kwa lazima, Mfaransa Gustave Le Gray alishatatua hilo miaka ya 1850: kwa baadhi ya picha zake za bahari alipiga anga kwenye bamba moja na maji kwenye jingine, akayaunganisha kwenye upeo wa macho. Kwa hiyo wanaodai kuunganisha picha ni uhuni wa zama za kompyuta wamechelewa sana. Wewe hakikisha tu mwanga wa mawingu unatoka upande uleule unaoangaza ardhi, na mshono uufiche nyuma ya kilima au kwenye mstari wa maji.

Nenda mapema, jua likiwa bado ubavuni.