Jibu: Anamaliza hesabu kabla ya wenzake, arushwe darasa?

Dada yangu, umesema kijana wako wa darasa la nne akishamaliza hesabu anaanza kuchokoza wenzake, na mwalimu anashauri arushwe darasa. Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi, na nisingekimbilia huko. Darasa la tano atakuta mambo yaleyale, namba tu zimekuwa kubwa, na marafiki atakuwa amewaacha.

Wala asiongezewe maswali ishirini ya aina ileile. Hiyo ni adhabu ya kuwa mwepesi. Mtoto atajifunza kujivuta. Mpe swali moja lenye kina. Kuna binti nilimpa hili: namba zipi zinapatikana kwa kujumlisha namba mbili au zaidi zinazofuatana, ukianzia popote kuanzia 1 kwenda juu? 9 ni 4+5, pia ni 2+3+4. 15 ina njia tatu. Alijaza kurasa mbili za daftari, siku ya tatu akanijia mbio: "Mwalimu, 2, 4, 8 na 16 zinakataa!" Nikamuuliza, kwa nini? Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nyumbani, kama kuna mzee anayejua bao, mkalishe naye. Mashimo 32, kete 64, na lazima ujue kichwani mkono wako utaishia wapi kabla hujagusa kete.

Kwa mwalimu nenda na ombi dogo tu: akimaliza, aruhusiwe kufungua daftari lake la pili, la maswali kama hayo. Mengi utayapata hapo, na darasa litatulia.